Magoti ya Fundi Viatu

9 Februari 1997

Dada mpendwa,

Shikamoo. Naomba barua hii ikukute salama wewe na mwanao, na kile kikohozi chake kiwe kimekwisha. Huku tupo. Nimeingia kidato cha tatu na nimekuwa wa pili darasani, ila usifurahi sana, wa kwanza ananipita kwa mbali. Baba ana kazi tele. Shule zimefunguliwa, kwa hiyo viatu vilivyoachama midomo vimepangwa mpaka mlangoni, na vingine havina mwenzake.

Miguu yake inavimba jioni. Yeye anasema ni kukaa sana, daktari anasema ni moyo. Ameambiwa asipige tena magoti kupima miguu ya wateja, mteja achore mguu wake mwenyewe kwenye karatasi. Unamjua. Mtu akiingia tu, yeye ameshashuka sakafuni na penseli yake.

Sasa nilichotaka kukuandikia. Mwalimu wa dini ametupa insha ya kurasa nne: maana ya kuinama katika ibada na katika maisha ya kila siku. Nimesoma maktaba yote ya shule, ambayo ni kabati moja. Upande wa ibada nimeupata. Watu wa kale walijilaza kifudifudi mbele za Mungu, mpaka paji la uso likagusa vumbi, na walipoingia vitani jambo la kwanza alilolazimishwa aliyeshindwa ni hilohilo. Kwa hiyo kuna kuinama kwa kupenda na kuinama kwa kushindwa, na kwa macho huwezi kuvitofautisha. Hapo nimekwama. Naona haya kumwuliza mwalimu, atafikiri najifanya. Nikakumbuka kwamba wewe kazini unainama kutwa.

Nataka pia kukuuliza habari za ile Jumapili. Nilikuwa na miaka kumi, nimekaa nyuma na watoto wenzangu, sikuona vizuri, na nyumbani haijatajwa tena mpaka leo. Kama swali linaumiza, liruke.

Mdogo wako,
Kamusi


2 Machi 1997

Kamusi wangu,

Marahaba. Kikohozi kimekwisha, kimeacha utundu. Mwanangu amegundua kwamba mimi huinama kazini, sasa naye anamwinamia kila mtu: muuza maziwa, mbwa wa jirani, jana nimemkuta anaiinamia ndoo. Nimemwuliza ndoo imefanya nini. Amesema, "Ni mgeni."

Kazi yetu ya mapokezi hotelini ni hivi. Mkono wa kulia kifuani, kiuno kikunjwe, hesabu moja, mbili, nyanyuka, tabasamu. Msimamizi tunamwita Rula. Husimama nyuma ya nguzo akitupima kwa jicho. Wiki yangu ya kwanza aliniambia, "Binti, umeinama kama mtu aliyedondosha sindano." Wenzangu walicheka siku tatu. Mpaka zamu inakwisha nimeinama mara mia mbili na kitu. Andika kwenye insha yako kwamba haiumi. Ninapovua sare, na kule kuinama nakuacha humohumo mfukoni, hakunifuati nyumbani.

Ile Jumapili nitakusimulia mara hii moja.

Nilikuwa nimekubali, Kamusi. Hilo hulijui. Wazee wa kanisa walisema nipige magoti mbele ya ushirika niombe radhi kwa ile mimba, kisha nirudishwe kundini, nami nikasema sawa. Nikavaa gauni la buluu la Mama, Mungu amrehemu. Nikaitwa, nikaenda mbele. Halafu nikamwona Baba anainuka kwenye benchi la wazee na mkeka kwapani. Akautandika mbele yangu, akanyoosha pembe moja baada ya nyingine, kama anavyonyoosha ngozi mezani kabla ya kukata.

Mwalimu wa kwaya alikuwa amesimama hatua nne kutoka pale, anafungua kitabu cha nyimbo. Baba alijua ni yeye. Nilimwambia kwa mdomo wangu wiki mbili kabla. Na hakukuwa na mkeka wa pili. Nikamtazama Baba nikingoja aseme kitu, hata aniangalie tu. Yeye akautazama mkeka.

Magoti yakakataa. Nikatoka.

Watu husema nilikataa kumwinamia Mungu. Nilichokataa ni kuinama peke yangu.

Hiyo miguu ya Baba inavimba kuishia wapi, kifundoni au gotini? Nauliza tu.

Dada yako


6 Aprili 1997

Dada mpendwa,

Shikamoo. Natumaini mwanao na ndoo wanaelewana. Insha nimepata kumi na nane kwa ishirini. Nilieleza ile hesabu ya moja, mbili, bila kukutaja, na mwalimu ameandika pembeni kwa wino mwekundu, "Umeyatoa wapi haya?" Habari za mkeka sikuandika popote. Nimeisoma barua yako mara nyingi nami nasema pole, ingawa najua ni neno dogo.

Umeuliza juujuu, nami najibu juujuu. Gotini.

Kuna jambo. Siku hizi Baba akishafunga banda, jua likiwa bado lipo, anaingia chumbani, anashikilia mgongo wa kiti na kushuka mpaka chini, polepole, goti moja kisha la pili. Hasali. Macho yako wazi, anatazama saa ya ukutani. Mwanzo alikuwa anafika dakika moja, sasa anafika nne, halafu kuinuka ni kazi. Juzi nilimkuta nikasema, "Baba, umepoteza kitu?" Akasema, "Magoti yangu. Nilikuwa nayo hapa hapa." Tukacheka. Kisha akaniambia kwa nini anafanya vile, na akaniapisha nisikuambie. Nimeapa, Dada, kwa hiyo siandiki.

Ninachoruhusiwa kuandika ni hiki, na amenisomesha maneno yenyewe mara mbili: anakuomba uje Jumapili ya tarehe 15 Juni, uwe kanisani ibada ya kwanza, na umlete mtoto. Mchungaji anajua. Nauli ameitenga kwenye bahasha, ataituma ukisema ndiyo.

Tafadhali sema ndiyo.

Kamusi


11 Mei 1997

Kamusi,

Marahaba. Sisi wazima. Mtoto ameng'oka jino kwa kuanguka ngazini, amepata pengo kabla ya wakati wake na anajivunia.

Barua yako imekaa kwenye droo yangu wiki tatu. Nilikuwa naifungua, naifunga. Nilitaka nikujibu nikiwa nimepoa, lakini naona sipoi, basi chukua ilivyo.

Kwa hiyo bado wananingoja na mkeka wao. Miaka mitano. Nimezaa peke yangu, nimeuguza peke yangu, nimejifunza kazi kwa kuchekwa na watu wa Rula, na Baba hajaniandikia hata kujua mtoto ni wa kike au wa kiume. Leo amezeeka, anaumwa, anataka kufa akiwa mzee wa kanisa mwenye nyumba safi. Anataka nije nimalizie nilipoachia. Na Mchungaji anajua. Mchungaji alijua na ile mara ya kwanza.

Simchukii. Andika hivyo, au msomee. Nitakuja siku ya kazi, nitaingia bandani nikae kwenye kigoda cha wateja, nimwonyeshe mjukuu wake, tuzungumze kama watu. Siku yoyote anayotaka yeye. Lakini kanisani, mbele ya wale, hapana. Bahasha ya nauli akanunulie dawa.

Dada yako


22 Mei 1997

Dada mpendwa,

Shikamoo, na pole ya jino. Baba amelipenda hilo pengo, ameniuliza ni la juu au la chini. Na sasa anajua ni mtoto wa kiume, nimemwambia. Alisema, "Alaa," kisha akapiga misumari kwenye soli mpaka ikawa mingi kuliko inavyotakiwa.

Nimemsomea kuhusu siku ya kazi na kigoda. Ameweka nyundo chini. Kisha amesema hapana, ni lazima iwe kanisani na ni lazima watu wawepo. Najua hili litakavyosikika kwako. Nilimwomba anifungue kiapo, amekataa. Nimetembea na jambo hili siku tatu, shuleni naulizwa swali la jiografia najibu mengine.

Sasa sitakuambia nilichoapa kutokusema. Nitakukumbusha tu kisa kimoja, ukisome taratibu. Ni wale pacha wa katika Maandiko. Mmoja alimdhulumu mwenzake baraka ya baba yao, wakaachana kwa miaka mingi. Walipokutana tena, yule alikuja njiani akiinama mpaka chini, mara saba, mbele ya nduguye, na watu wake wote wanaona. Hakungoja wakae faraghani. Fikiria ni nani kati yao aliyekuwa anainama, na kwa nini alitaka kuinama mbele ya watu. Fikiria sana hapo, Dada. Kisha uje.

Siwezi kuandika wazi zaidi ya hapa.

Kamusi


4 Juni 1997

Kamusi,

Nimefikiria, kama ulivyoniagiza. Aliyeinama ni mkosaji. Mwizi wa baraka. Mara saba, watu wakiona.

Nilidhani kati yao wote wewe umeelewa. Ulikuwa mtoto, nikasema huyu hajaambukizwa. Kumbe umekua, umesoma, na sasa unanihubiria kwa adabu.

Sina hasira na wewe, nimechoka tu. Sitakuja tarehe 15. Ukitaka kuniandikia niandikie habari za masomo.

Mwanangu anakusalimu.


16 Juni 1997

Dada,

Sikuamkii leo, nisamehe. Naandikia benchini hospitalini. Baba amelazwa. Daktari anasema atapumzishwa wiki moja kisha arudi nyumbani, kwa hiyo usishtuke, ila soma yote.

Nakivunja kiapo. Ni yeye aliyetaka kupiga magoti. Si wewe. Tangu mwanzo ilikuwa yeye.

Aliona kwamba alikukosea watu wakiona, basi hawezi kukuomba radhi pembeni bandani, ingekuwa kama anakuficha kwa mara ya pili. Alikwenda kwa Mchungaji mwezi wa tatu akamwambia. Na aliniapisha kwa sababu alisema, "Akijua, atanizuia kwa ajili ya hii miguu. Au atakuja kunionea huruma. Nataka aje na hasira yake yote, ni haki yake." Nilipokuandikia habari za pacha nilidhani utaelewa mara moja. Nilijiona mjanja. Nilipopata jibu lako nilikaa chooni shuleni mpaka kengele ikapigwa mara mbili. Ilinibidi niandike mstari mmoja tu, nami nikaandika fumbo.

Jana tulikwenda. Alivaa koti la harusi yake na Mama, halifungi tena. Mchungaji alimwita mapema kabisa, kabla ya mahubiri, kwa ajili ya miguu. Watu walidhani ni tangazo la wazee. Nilimnong'oneza, "Baba, Dada hajafika, tuahirishe." Akasema, "Mimi nimefika."

Alitandika mkeka mwenyewe. Akashuka, akishikilia mkono wangu badala ya kiti. Akasema hivi, nimeyaweka yote kichwani: "Miaka mitano iliyopita niliutandika mkeka hapa kwa ajili ya binti yangu. Nilijua kulikuwa na mtu wa pili, nikanyamaza, kwa sababu alikuwa anaimbisha vizuri na mimi niliogopa kelele. Mkeka ule ulikuwa wangu. Nimekuja kuutumia." Kisha akataja jina lako lote, la ubatizo na la nyumbani, akasema, "Mwanangu, nisamehe."

Mwalimu wa kwaya alikuwa akitafuta ukurasa. Aliutafuta mpaka mwisho.

Baba alikataa kuinuliwa. Zilipita dakika nne, zikapita kumi. Mahubiri yakaendelea yeye akiwa chini. Wimbo wa mwisho ulipokwisha hakuweza kuinuka, wanaume wanne wakambeba.

Amelala sasa. Akiamka ataniuliza kama umeandika. Njoo, Dada. Hakuna mkeka wako popote.

Kamusi


20 Julai 1997

Kamusi wangu,

Tulipoonana siku zile tatu sikuzungumza na wewe, na najua ulidhani ni hasira. Haikuwa hasira. Nilikuwa nasikia watu wananipa pole, naitikia, lakini ilikuwa kama wanampa mtu aliyesimama nyuma yangu.

Acha nikupangie siku zilivyokwenda, maana naona unajilaumu kwa hesabu isiyo sahihi. Simu ya maandishi ya msiba ilinifikia tarehe 23. Barua yako ya hospitalini ilinifikia tarehe 27, siku tuliyorudi kutoka kwenu. Kwa hiyo nilisimama kwenye kaburi la Baba, aliyezikwa jana yake, nikiwa sijui. Nilidhani namsindikiza mtu aliyekufa akiningoja nipige magoti. Ulinitazama sana pale, ukidhani nimeshasoma. Nami nilisimama wima kama mlingoti, Kamusi. Wengine wote waliinama kuweka maua, mimi nilimpa mtoto aweke. Niliona fahari. Nilirudi, nikafungua kisanduku cha barua cha wafanyakazi, nikaisoma nikiwa na sare, na Rula ananiita kaunta.

Unataka nikulaumu, naona kwenye mwandiko wako. Sawa, nakulaumu. Ungeandika mstari mmoja. Na mimi ningepanda gari nikaja kumwuliza mwenyewe, siku ya kazi, bila ruhusa ya mtu, tena nilikuwa na likizo ya siku sita. Na Baba naye angeandika, ana mikono. Sisi watatu kila mmoja alikuwa anangoja kufanya jambo vizuri. Nimekusamehe kabla hujaomba, kwa hiyo usiombe.

Shangazi amekubali umalize muhula kwake, halafu uje huku. Kuna shule ya serikali nyuma ya hoteli, maktaba yake ina makabati matatu, nimeyahesabu dirishani. Mtoto ameniuliza kama mama yake mdogo anajua kusoma hadithi kwa sauti. Nimesema anajua, nikaogopa kuongeza neno.

Kazini siwezi tena. Nakunja kiuno, nahesabu moja, na mbili haitoki. Wageni wanangoja, nami nipo chini pale natazama viatu vyao. Rula amenihamishia stoo ya mashuka, hakunisema, kwa mara ya kwanza.

Niambie jambo moja. Nimeisoma barua yako mpaka karatasi imelegea na sijaliona. Alipopiga magoti, alielekea wapi? Madhabahuni?

Dada yako


2 Agosti 1997

Dada mpendwa,

Shikamoo. Shangazi mzima, anakusalimu. Banda limekodishwa kwa fundi wa redio. Viatu vilivyobaki nimevirudisha kwa wenyewe mmoja mmoja, na wanawake wawili wamelia mlangoni, kila mmoja akisema Baba alimpima tangu akiwa mtoto. Nitakuja Desemba. Naleta vitabu vyangu na kiti cha Baba, kama gari litakubali.

Ulichoniuliza nilikiacha makusudi siku ile. Nilikuwa hospitalini, niliogopa kwamba ukikisoma hutaweza kusafiri peke yako na mtoto. Sitaki kukuficha kitu tena, kwa hiyo naandika.

Hakuelekea madhabahuni. Alipokwisha kushuka, Mchungaji alimweka aelekee huko, kama watu wote wanavyowekwa, na Baba akajigeuza juu ya mkeka, goti kwa goti, akaipa madhabahu mgongo. Wazee wakanong'ona. Mchungaji akamgusa bega amrudishe, Baba akatikisa kichwa. Alielekea mlangoni, Dada.

Ilikuwa ibada ya kwanza, na unawajua watu wetu, nusu yao huchelewa. Kila mlango ulipofunguliwa, alinyanyua uso.

Kamusi